Tarehe Peke Yake Si Mlinzi

Watu wengi wa siku zetu wamejifunza kuuliza swali moja jema kabla ya kununua unga, maziwa ya paketi au dawa ya kikohozi: Je, tarehe yake imepita? Swali hili ni dalili ya maendeleo, na mwenye kuliuliza hastahili kuchekwa. Lakini swali jema likiachwa peke yake huweza kuwa mlango wa kosa. Siku hizi huulizwa pia juu ya chanjo za watoto, na jibu lake hupokelewa kama hukumu ya mwisho: haijapita, basi ni njema, imepita, basi ni sumu. Kauli zote mbili si kweli. Nia ya insha hii ni kuonyesha kwamba tarehe ya chanjo ni ahadi yenye sharti, kwamba sharti lenyewe ni baridi, na kwamba wanaowaficha wazazi sharti hilo huwadhulumu.

Tuanze na jambo tulijualo. Miasenyi ni mahali pa jua. Pako katika nyika ya Taita Taveta, kando ya njia kuu itokayo Mombasa kwenda Voi na Nairobi, na tangu mwaka 2017 reli mpya ina kituo hapo. Mvua ni ya kubahatisha, na katika miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 30. Mtu wa nchi hii akiletewa maziwa hatosheki kuuliza yalikamwa lini. Huuliza pia yalikaa wapi, katika chombo gani, juani au kivulini. Anajua kuwa maziwa ya alfajiri yaliyosahauliwa juani huwa yamechacha adhuhuri, hali yale ya jana jioni yaliyotunzwa penye baridi yangali mazuri. Siku ya kukamwa ni moja katika habari za maziwa; si habari yote. Mtu huyu huenda hakusomea elimu ya vijidudu, lakini tayari anayo akili ya kuielewa chanjo kuliko baadhi ya wenye vyeti.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Maziwa yakiharibika hutoa harufu. Chanjo ikiharibika hunyamaza. Harufu yake haisemi kitu, rangi yake aghalabu haibadiliki, na mtoto aliyedungwa iliyokufa hulia vile vile kama aliyedungwa iliyo hai. Mama hurudi nyumbani na kijitabu chake kimetiwa alama, moyo wake umetulia. Uharibifu hujulikana siku ile surua inapobisha hodi, na siku hiyo hakuna tena mtu wa kukumbuka kichupa kilichoachwa juu ya meza.

Tarehe hupatikanaje? Mtengenezaji huweka akiba ya vichupa vya kila namna ya chanjo katika baridi iliyoamriwa, kisha huvipima mara kwa mara aone kama nguvu ya dawa ingalipo. Muda ambao amethibitisha kuwa nguvu hiyo inatosha ndio humpa haki ya kuandika tarehe. Kichupa kikiandikwa mwezi na mwaka tu, bila siku, dawa hukubaliwa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Tazama basi maana ya jambo hili. Vipimo vyote vilifanywa penye baridi. Tarehe haikuapa lolote juu ya kichupa kilichosafirishwa katika kapu lisilo na barafu, wala juu ya jokofu lililozimika usiku kucha kwa kukosa umeme. Anayesoma tarehe bila kuuliza habari za baridi amesoma nusu ya mkataba, akatia sahihi mkataba mzima.

Na baridi yenyewe ina mipaka miwili. Katika zahanati chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kila mtu huelewa upesi kwa nini joto lisipite nyuzi 8. Matone ya polio na chanjo ya surua hudhoofika haraka penye joto. Lakini mpaka wa chini husahauliwa, maana watu wengi hudhani kuwa baridi ikizidi, ulinzi nao umezidi. Sivyo. Ile chanjo moja ikingayo magonjwa matano, yaani dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya aina ya B na maradhi ya kijidudu cha Hib, huharibika ikiganda. Hali kadhalika chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 10 walianza kupewa kote nchini mwezi wa Oktoba mwaka 2019. Chanjo hizo zikiganda, kuziyeyusha hakuzirudishii uhai. Kwa hiyo mwuguzi mwema hatii vipande vya barafu ngumu ndani ya sanduku la safari moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa kugandisha. Huviacha nje kwanza mpaka vitoke jasho, akavitikisa karibu na sikio asikie maji yakicheza ndani, ndipo akavipanga kando ya dawa. Asiyejua maana ya kitendo hiki humwona anachelewesha kazi. Anayejua humwona analinda watoto.

Fikiri sasa urefu wa njia. Chanjo za taifa hushushwa katika ghala kuu la Kitengela, hupelekwa katika maghala ya kanda, kutoka huko huteremka hadi maghala madogo ya kaunti ndogo, na mwisho hufika katika zahanati, mahali pengine zikibebwa kwa pikipiki katika sanduku la mkononi. Katika kila kituo pana mtu mmoja mwenye wajibu wa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika alichokiona. Mahali pasipo umeme wa kutegemewa yapo majokofu yaendeshwayo kwa jua, hata adui akawa mtumishi. Walakini jokofu lolote hushindwa na mkono wa mtu mzembe: afunguaye mlango kila dakika, apangaye dawa mlangoni penye vuguvugu, au atiaye humo soda na nyama yake ya mchana. Mnyororo una nguvu ya pete yake iliyo dhaifu kuliko zote, na pete hizi ni watu.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuifuata chanjo njia nzima, wataalamu walivumbua shahidi wa kusafiri nayo. Kuanzia mwaka 1996, kwanza juu ya matone ya polio, kisha juu ya chanjo nyingine nyingi, kuliwekwa alama ndogo ya duara lenye rangi ya zambarau na mraba ndani yake. Mwanzoni mraba huwa mweupe kuliko duara. Kila saa ya joto huutia rangi kidogo, na rangi hiyo hairudi nyuma hata kichupa kikirudishwa penye baridi. Mraba ukiwa ungali mweupe kuliko duara, na tarehe haijapita, chanjo hutumika. Mraba ukilingana na duara au ukiwa mweusi zaidi, chanjo hutupwa, hata kama tarehe yake imebakiwa na mwaka mzima. Angalieni hekima ya jambo hili: alama haina herufi wala tarakimu. Bibi asiyepata kusoma huweza kuihukumu kwa macho yake. Shahidi huyu ana upungufu mmoja tu, kwamba huandika joto lakini haandiki kuganda. Hapo hutegemewa tena uaminifu wa mtunzaji, au kukitikisa kichupa na kutazama jinsi mashapo yanavyozama.

Bado upo mwisho wa tatu, mbali na ule wa tarehe na ule wa joto. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, na haina budi kuchanganywa na maji yake maalumu kabla ya kudungwa. Ikisha kuchanganywa, hutumika kwa muda wa saa 6 tu au mpaka mwisho wa kazi ya siku, lolote litakalotangulia, kilichosalia hutupwa. Sababu yake si udhaifu pekee. Maji yale hayana dawa ya kuzuia vijidudu, na kijidudu kikiingia hukua na kuzaana humo.

Asiyeamini na aikumbuke Sudan Kusini. Mwezi wa Mei mwaka 2017, katika eneo la Kapoeta, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua, na wengine wengi wakaugua wakapona. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba moja la sindano lilitumika kwa muda wa siku nne bila kusafishwa, na chanjo ilikaa siku zote hizo bila baridi. Hata watoto walitumiwa kuwadunga wenzao. Tarehe iliyochapwa juu ya kichupa haikuwa na uwezo wa kuwaokoa. Chanjo haikuwaua watoto wale. Walioua ni waliovunja kila sharti la chanjo. Lakini mzazi aliyezika mwanawe hawezi kulaumiwa asipoiona tofauti hiyo, na kila mzembe mmoja huwapa wavumishaji mia moja mtaji wa kufanyia kazi.

Hapa nawageukia wapinzani wangu, nao ni watatu.

Wa kwanza husema: Chanjo iliyopitwa na tarehe ni sumu, na wageni hutuletea makusudi. Huyu alipata wasikilizaji wengi wakati wa ugonjwa wa korona. Mwezi wa Mei mwaka 2021 serikali ya Malawi ilichoma hadharani dozi 19,610 za AstraZeneca ambazo tarehe yake ilikuwa imepita mwezi wa Aprili. Zilikuwa zimefika nchini zikiwa zimebakiwa na majuma machache tu. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Nigeria iliharibu dozi zaidi ya milioni moja mjini Abuja. Lawama ipo, nami siifichi: nchi tajiri zilizorundika chanjo, kisha zikagawa zilizokaribia mwisho, hazikutoa sadaka bali zilihamisha taka. Lakini kosa la ubahili si kosa la sumu. Chanjo iliyopita tarehe huogopwa kwa sababu nguvu yake haina tena mdhamini, si kwa sababu imegeuka kuwa kitu kingine. Hasara yake ni kumpa mtu ngao ya karatasi akaenda nayo vitani. Serikali zile zilifanya vema kuziharibu mbele ya macho ya watu, maana kichupa kilichochomwa hadharani hakiwezi kuuzwa gizani.

Mpinzani huyu ana hoja nyingine: Mbona mwaka 2021 tarehe zilisogezwa mbele? Si ulaghai huo? Hapana. Chanjo ikiwa mpya, vipimo vyake ni vya miezi michache, kwa hiyo tarehe yake huwa fupi. Huko Marekani chanjo ya kampuni ya Johnson & Johnson ilianza na muda wa miezi 3, ukawa miezi 4 na nusu, kisha 6, kwa kadiri vipimo vilivyoendelea kuthibitisha kuwa nguvu ipo. Huo ni ushahidi kuongezeka, wala si uongo kugeuzwa. Ulaghai ungekuwa mwenye duka kuchukua kalamu akajisogezea tarehe mwenyewe. Ruhusa hiyo ni ya mtengenezaji na ya wenye mamlaka. Hapa Kenya mamlaka hayo yako kwa Bodi ya Dawa na Sumu, si kwa mwuguzi, si kwa msimamizi wa ghala.

Mpinzani wa pili amesimama upande wa pili. Husema: Tarehe ni ujanja wa wafanyabiashara, dawa haijui kalenda, kutupa kitu kizima ni kufuru katika nchi maskini. Maneno haya yana utamu wa uchumi, lakini ni uchumi wa hasara. Umaskini ndio sababu hasa ya kutotumia chanjo isiyo na hakika, maana maskini hana fedha za kutibu mara ya pili. Dawa ya kutotupa haiko katika kuipuuza tarehe. Iko katika kupanga ghala. Inayotangulia kuisha na itangulie kutoka. Asiagize zaidi ya mahitaji, asifiche mpya mbele na nzee nyuma. Mwaka 2025 Kenya ilipatwa na upungufu wa chanjo za kifua kikuu na polio, na akina mama waliambiwa warudi siku nyingine. Katika mwaka kama huo kila kichupa kilichoharibika kwa uzembe ni mtoto aliyerudishwa mlangoni.

Mpinzani wa tatu ndiye hatari kuliko wote, kwa kuwa si mjinga. Amesoma, anajua yote tuliyoyaeleza, naye husema: Usiwaeleze watu wa nyikani mambo haya, hawataelewa, wataogopa tu. Namjibu kwamba wameogopa tayari, nao wameogopa kwa sababu hawakuelezwa. Fikiri mama aliyetoka mbali na zahanati, mtoto wa miezi 9 mgongoni, jua la saa tano likimchoma. Anafika, anaambiwa: Rudi Alhamisi, watoto hawajatosha. Haambiwi kwamba kichupa cha surua aghalabu ni cha dozi 10, kwamba kikifunguliwa kwa ajili ya mmoja, baada ya saa 6 tisa zitatupwa. Yeye huona milango imefungwa na dawa imenyimwa. Alhamisi harudi. Nani mwenye kosa?

Mimi nasema zaidi ya hapo. Hata kueleza hakutoshi. Kichupa na kifunguliwe. Shauri la Shirika la Afya Duniani ni kwamba kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, maana dozi tisa hununulika, mtoto mmoja hanunuliki. Yule anayehesabu dozi zilizotupwa na ahesabu pia watoto waliorudishwa, aone hesabu ipi ni ndefu. Kutunza chanjo si shabaha ya kazi. Shabaha ni kinga ya mtoto, na jokofu lililojaa vichupa salama katika kijiji chenye watoto wasiochanjwa ni jokofu lililoshindwa.

Historia ya jirani zetu yathibitisha kwamba dawa njema na elimu ya watu haviachani. Ndui ilishindwa kwa sababu nyingi, na moja ni kuwa chanjo yake ilikaushwa kwa ufundi hata ikaweza kustahimili joto la jangwani na kufika mahali pasipo jokofu. Mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba mwaka 1977. Chanjo ilikuwepo hapo hapo alipofanya kazi. Hakuchanjwa kwa sababu aliogopa maumivu, akajifanya kuwa mkono wake umekwisha kuchanjwa. Alipona, na katika miaka ya baadaye akawa mmoja wa watu waliozunguka nchini kwake kuwahimiza wazazi wakubali chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Chanjo yenye kushinda joto ilikaribia kushindwa na hofu ya mtu mmoja. Je, chanjo zetu za leo, ambazo hata joto haziliwezi, zitafanyaje penye hofu ya kijiji kizima?

Enyi wanafunzi, ninyi ndio wasomaji wa kwanza katika nyumba nyingi za Miasenyi, Maungu, Buguta na kwingineko. Msiitumie elimu hii kuwatisha wazee wala kuwadharau wauguzi. Itumieni kuuliza kwa adabu. Mnapomsindikiza mama na mdogo wenu kliniki, semeni: Shikamoo, dada, tunaomba kuiona tarehe, na ile alama ya duara, na kama kimefunguliwa, kimefunguliwa saa ngapi. Mwuguzi mwema hatakasirika. Atafurahi kuwa kazi yake imepata shahidi. Atakayekasirika, hasira yake ni jibu la kutosha. Na mwuguzi akikiweka kando kichupa ambacho mraba wake umeingia weusi, mwelezeni mama kwamba hakunyimwa kitu: ameokolewa na udanganyifu.

Kalenda hupita yenyewe bila kulindwa na mtu. Baridi haidumu bila mkono wa kuitunza, jicho la kuipima na kinywa cha kuuliza habari zake. Taifa linalotaka watoto wake wakue halina budi kuacha kuiuliza tarehe peke yake, likawauliza pia watu waliokabidhiwa njia yote kutoka ghalani hadi mkononi mwa mtoto. Tarehe imeandikwa na kiwanda. Baridi huandikwa na sisi.